Mtawa Aliyeupa Wimbo Daftari

Wanakwaya wengi wa Kakamega, wawe wa Kanisa la Marafiki, wa Kikatoliki au wa Kianglikana, huanza kujifunza wimbo mpya kwa silabi ambazo hazina maana katika lugha yoyote wanayoizungumza: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mwalimu wa kwaya huziandika ubaoni kwa herufi zake za mwanzo, kila sauti ikapata mstari wake, nao wanafunzi huziimba kabla hawajayagusa maneno. Yamkini wengi wao huamini kuwa silabi hizo ni za wamisheni Waingereza. Ni kweli kwamba wamisheni ndio walioleta, lakini wao nao walirithi. Chimbuko lake ni mtawa mmoja wa Italia aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, ambaye historia humwita Guido wa Arezzo.

Namwandika mtu huyu si kwa kuwa mimi ni mwanamuziki. Mimi ni mwanaisimu, na ngoma yangu ni lugha. Lakini yeyote anayefundisha habari za maandishi, jinsi binadamu alivyojifunza kulikamata neno linalopita kama upepo na kulituliza katika ukurasa, hawezi kumpita Guido bila kumwamkia. Alifanya kwa wimbo jambo ambalo wengine walikwisha kulifanya kwa neno. Aidha, maisha yake yanatuuliza swali ambalo sisi watu wa Magharibi mwa Kenya tumelikwepa kwa muda mrefu.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla yake. Katika karne za Zama za Kati, kanisa la Ulaya lilikuwa na nyimbo za ibada zisizohesabika kwa urahisi: za asubuhi na za usiku wa manane, za Kwaresima na za Pasaka, za kila mtakatifu na sikukuu yake. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa Kilatini, kwa sauti moja, bila ala. Maneno yake yalikuwa yameandikwa. Mahadhi yake yalikaa kichwani mwa wazee. Kijana aliyeingia monasterini alikaa mbele ya mwalimu, akasikiliza, akarudia, akasahihishwa, akarudia tena, na miaka kumi ilipita kabla hajaweza kutegemewa. Mwalimu akifa, sehemu ya hazina ilifukiwa pamoja naye.

Tangu karne ya 9 watawa walikuwa wamejaribu kutafuta dawa. Juu ya maneno waliandika vialama vidogo, vistari na vikono, kuonyesha mahali sauti inapopanda na inaposhuka. Alama hizo zilimfaa mtu aliyekwisha kuujua wimbo, maana zilimkumbusha. Asiyeujua hazikumsaidia kitu, kwa sababu hazikusema sauti ipande kiasi gani wala ishuke mpaka wapi. Ni kama mtu akuambie nyumba yake iko mbele, kisha asikutajie ni hatua mbili au ni mwendo wa siku nzima.

Katika ulimwengu huo ndimo alimozaliwa Guido, mnamo miaka ya 990. Aliingia utawa wa Wabenedikto katika monasteri ya Pomposa, karibu na pwani ya bahari ya Adriatiki, na huko akapewa kazi ya kufundisha uimbaji. Aliiona taabu ya wanafunzi wake, akaiona pia taabu ya watu wazima waliozeeka wakiimba kila siku na bado hawakuweza kuuimba hata wimbo mfupi bila kusukumwa na mwalimu. Jambo hilo lilimkera. Alihesabu saa zilizopotea ambazo zingetumika katika sala na masomo. Akishirikiana na mtawa mwenzake, Michael, alianza kuandaa kitabu cha nyimbo kwa njia mpya.

Ungedhani kuwa wenzake walimshangilia. La. Walimchukia. Msomaji aliyewahi kukaa katika taasisi yoyote, iwe shule, kanisa au chuo, hatakosa kuelewa sababu. Palipokuwa na njia moja tu ya kujifunza, nayo ni kumtii mzee anayejua, mzee huyo alikuwa na heshima na mamlaka. Kijana anayekuja na mbinu ya kumwezesha mwanafunzi asome mwenyewe huwa anamnyang'anya mzee fimbo yake. Chuki ilipozidi, Guido aliondoka Pomposa. Mnamo mwaka 1025 alihamia mji wa Arezzo, ambako Askofu Tedald alimpokea na kumkabidhi waimbaji wa kanisa kuu. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake mashuhuri, Micrologus, akamtunukia askofu huyo aliyemstahi.

Na mbinu yenyewe ilikuwa ipi? Guido alichora mistari iliyolazwa, mmoja juu ya mwingine kama vipandio vya ngazi, akaamua kuwa kila mstari, na kila nafasi kati ya mstari na mstari, ni makao ya sauti moja tu. Sauti iliyoandikwa mahali pamoja ni ile ile leo na kesho, Arezzo na Roma. Ili jicho lisipotee, aliupaka mstari wa sauti moja rangi nyekundu na wa nyingine rangi ya manjano. Hayo tu. Wengine kabla yake walikuwa wamegusagusa wazo la mistari, lakini yeye ndiye aliyeupanga utaratibu, akaueleza, akaufundisha ukafundishika. Mwanafunzi sasa angeweza kufunua kitabu akaimba wimbo ambao hajausikia tangu azaliwe. Guido mwenyewe alidai kwamba ile miaka kumi ya mafunzo imekuwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana.

Jicho likishaona, sikio nalo lilihitaji msaada, na hapa ndipo silabi zetu zinapozaliwa. Palikuwa na utenzi wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ambao sikukuu yake ni tarehe 24 Juni. Katika mahadhi aliyoyatumia Guido, vipande sita vya kwanza vya utenzi huo vilianza kila kimoja kwa sauti iliyo ngazi moja juu ya kilichotangulia. Guido aliichukua silabi ya kwanza ya kila kipande akaifanya jina la sauti yake: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi akitatizwa na sauti fulani aliukumbuka mwanzo wa kipande chake, na sauti ikamjia. Karne nyingi baadaye ut ikabadilishwa kuwa do, ambayo ni rahisi kuimbika, na silabi ya saba ikaongezwa.

Mwanaisimu hawezi kuliangalia jambo hili bila kutabasamu. Wasemiti wa kale waliobuni alfabeti walifanya vivyo hivyo. Walilichukua neno linalojulikana na kila mtu, kama vile ng'ombe au nyumba, wakaifanya sauti yake ya kwanza kuwa thamani ya herufi. Ndipo watoto wetu wa pwani hata leo wakaanza chuoni kwa alifu na be. Kisichojulikana hufundishwa kwa kupitia kinachojulikana. Hiyo ndiyo siri ya mwalimu yeyote mwema, na Guido kabla ya yote alikuwa mwalimu.

Sifa zake zilifika Roma. Mnamo mwaka 1028 Papa Yohane wa Kumi na Tisa alimwita. Guido alikwenda akiwa na kitabu chake. Papa alizifungua kurasa, akauliza maswali mengi, na hakuinuka alipoketi mpaka yeye mwenyewe alipokuwa amejifunza kuuimba mstari mmoja ambao hakuwahi kuusikia. Mtu mkubwa kuliko wote katika kanisa la Magharibi aligeuka mwanafunzi kwa saa moja, na mtihani akaushinda. Guido alitakiwa abaki Roma awafundishe makasisi, lakini joto na unyevunyevu wa kiangazi cha huko vilimwangusha kwa ugonjwa, akaomba ruhusa ya kuondoka. Njiani alimtembelea abati wa Pomposa, naye, alipokwisha kukiona kitabu, alijutia yaliyotendeka na kumsihi arejee. Habari hizi tunazo kwa kuwa Guido alimwandikia barua Michael, yule rafiki wa siku za dhiki, na katika barua hiyo hiyo akamweleza mbinu ya silabi. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1030 jina lake linatoweka katika kumbukumbu. Hakuacha mali wala cheo. Aliacha mistari na silabi.

Kuna ushahidi mmoja mzito wa thamani ya mistari hiyo. Huko Hispania palikuwa na mapokeo ya kale ya nyimbo za ibada, tofauti na ya Roma. Maelfu ya nyimbo hizo zimehifadhiwa vitabuni hadi leo. Maneno yake yanasomeka, na juu ya maneno zimo zile alama za kupanda na kushuka. Lakini mwaka 1080 kanisa la Hispania liliamriwa kuuacha utaratibu huo na kuufuata wa Roma, na nyingi ya nyimbo hizo hazikuwahi kuandikwa upya kwa mistari. Waimbaji walipokufa, vitabu vikawa bubu. Wataalamu wanavifunua, wanaziona alama, wala hawawezi kuziimba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomeka nalo halina tofauti kubwa na kutokuwa na daftari.

Kwa upande mwingine, tazama kilichoota pale ambapo mistari ya Guido ilishika mizizi. Yeye mwenyewe alikwisha kueleza katika Micrologus namna sauti ya pili inavyoweza kuandamana na ya kwanza. Baada ya ujenzi wa kanisa la Notre-Dame mjini Paris kuanza mwaka 1163, watunzi Leoninus na Perotinus walipandisha majengo ya sauti mbili, tatu, hata nne, kila moja ikienda njia yake na zote zikikutana. Jambo hilo ni vigumu mno kulijenga na kulidumisha kwa kumbukumbu peke yake. Mistari ya Guido ilionyesha kimo cha sauti bila kuonyesha urefu wake, yaani idumu kwa muda gani. Kadiri sauti zilivyoongezeka ndivyo haja hiyo ilivyozidi, na mnamo mwaka 1280 Franco wa Cologne akaeleza utaratibu wa kuuandika muda kwa umbo la nota yenyewe. Guillaume de Machaut, aliyefariki mwaka 1377, akatunga misa nzima ya sauti nne. Kisha ikaja ile enzi ya Mwamko, ambayo Wazungu huiita Renaisansi. Guillaume Dufay alitunga wimbo wa kutabaruku kanisa kuu la Florence mwaka 1436. Josquin des Prez, aliyefariki mwaka 1521, alizisuka sauti zikajibizana kana kwamba zinazungumza. Mwaka 1501, huko Venice, Ottaviano Petrucci alipiga chapa kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi, na kazi za Josquin zikasafiri kwa karatasi hadi miji ambayo yeye hakuikanyaga. Palestrina, aliyefariki Roma mwaka 1594, akaufikisha ufundi huo katika upeo wa utulivu. Miaka mia tano na zaidi ya maendeleo hayo ilijengwa juu ya vipandio vya ngazi ya mwalimu mmoja aliyefukuzwa kwa husuda.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Natukumbuke mwaka 1498. Mwezi wa Aprili mwaka huo Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi alimlaki kwa shangwe, na wasafiri wale waliandika kwamba palikuwa na wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta. Wakati siwa hizo zikilia, Josquin alikuwa hai huko Ulaya. Leo kwaya yoyote yenye bidii yaweza kuuimba wimbo wa Josquin karibu kama alivyouandika. Lakini mlio wa siwa za Malindi siku ile, hakuna binadamu anayeweza kuupuliza tena. Haukuwa duni. Ulikosa mistari tu. Waswahili walikuwa na maandishi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, tunausoma hata sasa kwa maneno yake. Lakini ukurasa wa utendi hauonyeshi mahadhi. Hayo yalibaki katika vinywa vya waghani.

Ngazi ya Guido ilipofika kwetu ilikuwa imepitia mikono mingine. Huko Norwich, Uingereza, mwalimu Sarah Glover alirahisisha silabi zile ziandikwe kwa herufi tu, bila mistari, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaueneza utaratibu huo kwa jina la solfa. Ulikuwa wa bei nafuu, kwa kuwa kiwanda chochote chenye herufi za kawaida kingeweza kuupiga chapa. Kwa hiyo wamisheni waliubeba kote Afrika. Mwalimu Enoch Sontonga wa Johannesburg aliutumia mwaka 1897 kuandika wimbo wa kuiombea Afrika baraka, ambao mahadhi yake yakawa wimbo wa taifa wa Tanganyika mwaka 1961. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni ya Mukumu mwaka 1906. Katika misheni za Kikatoliki Kilatini kiliendelea kuimbwa mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika miaka ya 1960, kwa hiyo mababu zetu wa Mukumu waliimba nyimbo za jamii ile ile aliyoifundisha Guido.

Na tuna mfano wetu wenyewe wa kuonyesha kwamba ngazi hiyo si ya Mzungu peke yake. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, ikauandika na kuupangia sauti. Wimbo wa mama wa Mto Tana ukawa Wimbo wa Taifa. Bila kuandikwa ungalibaki mtoni, au ungalikufa na mtoto wa mwisho aliyelazwa nao.

Sasa nilete neno langu. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Wengi tuliipokea habari hiyo kama tuzo. Haikuwa tuzo. Ilikuwa hati ya mgonjwa mahututi. Wapigaji wanazeeka, vijana wanavutwa na burudani nyingine, na ujuzi wa ngoma zile tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na nyimbo za ndoa, za matanga na za kutawaza, umo katika vichwa vichache. Tuko pale Ulaya ilipokuwa kabla ya Guido, na hatuna udhuru aliokuwa nao mtu wa wakati ule, kwamba njia haijabuniwa.

Kuna watakaojibu kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na simu hunasa sauti na picha. Na inase. Lakini rekodi huhifadhi uimbaji wa siku moja, wa mtu mmoja, pamoja na chafya zake. Haimwambii mwanafunzi lipi ni la lazima na lipi ni pambo la mpigaji, wala ngoma ndogo inaingia wapi katikati ya mapigo ya kubwa. Kuandika humlazimisha mwandishi kuelewa. Ndiyo maana hatusemi kuwa lugha imehifadhiwa kwa sababu tu watu wamerekodiwa wakizungumza. Tunadai pia kamusi na sarufi.

Hata hivyo, kuiga tu hakutoshi, na hapa isimu ina la kusema. Lugha za Waluhya ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, na katika vitenzi toni inaweza kutofautisha nyakati. Nyimbo za kigeni zilipotafsiriwa kwa lugha hizo, mahadhi ya Ulaya yalikwenda njia yake na toni ya neno ikaburutwa nyuma. Hata Kiswahili, kisicho cha toni, huumia mkazo ukihamishwa. Aliyekusudia kusema barabara kwa maana ya sawasawa akipotoshwa na mahadhi atajikuta ametaja njia ya magari. Wazee waliotunga kwa lugha zao waliutii mwendo wa neno. Kwa hiyo atakayeiandika isukuti aandike mahadhi, mapigo na toni kwa pamoja, na ikiwa mistari ya Guido haitoshi, aiongeze. Wazungu wenyewe waliiongeza, Franco akiwa mmoja wao.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi kama tunavyopenda kusingizia. Walimu wa muziki wapo, wanafunzi wa isimu wapo, wazee wachache bado wapo, na Tamasha la Muziki la Kenya huwakutanisha watoto wa shule kila mwaka kwa nyimbo hizi hizi. Kinachohitajika ni kuwaketisha mwalimu na mzee pamoja kabla mzee hajaondoka, na kuhakikisha kwamba jina la mzee huyo limeandikwa juu ya ukurasa kama mwenye mali. Pia kinahitajika kile alichokuwa nacho Tedald: mwenye mamlaka anayemwona mwalimu mwenye wazo akampa nafasi, badala ya kumwonea kijicho.

Guido hakuwa mtunzi mkubwa, na hakuna mfalme aliyemzika kwa heshima. Alikuwa mwalimu aliyechoshwa na kuona maarifa yakiwa mateka wa wachache, akaamua kuyafungua. Wale waliomchukia Pomposa walidhani wanaulinda wimbo, kumbe waliulinda ukubwa wao. Kila mmoja wetu anayejua jambo ambalo vijana hawalijui hana budi kujiuliza yuko upande upi.